Umelala na mtu, sasa una wasiwasi: mwongozo kamili wa kujua hatari yako na pa kuanzia

Jumatatu ndiyo siku yangu nzito. Duka letu la dawa liko Temeke, hatua chache toka kituo cha daladala, na kuanzia saa moja asubuhi wanaanza kuingia wale wa wikiendi. Utawajua tu. Haji kaunta moja kwa moja. Anasimama pembeni anasoma maboksi ya dawa za mafua mpaka mama aliyefuata panadol ya mtoto aondoke, ndipo anainama: "Dokta, nisaidie ile dawa ya UTI. Ile kali."

Mimi si daktari, ni mtoa dawa. Ila Dar kila anayesimama mbele ya kabati la vidonge ni dokta, na nilishachoka kukataa.

"Umepima?"

"Sijapima, lakini najua ni UTI. Itakuwa ni choo cha pale nilipopanga."

Choo! Kwa miaka niliyokaa kaunta, choo cha kuchangia kimebeba lawama nyingi kuliko mchepuko yeyote. Vijidudu vya kisonono vikitoka mwilini hufa upesi. Havikai juu ya sinki kumsubiri mpangaji wa chumba cha pili. Na kijana wa kiume mwenye miaka 25, anayeungua akikojoa na asubuhi anakuta usaha kwenye bukta, jambo la kwanza la kufikiria siyo UTI. Ni kisonono au klamidia, na vyote viwili vina mtu vilikotoka.

Nimeandika haya kwa ajili ya wale wanaosoma maboksi ya mafua. Yanamfaa aliyelala na mtu juzi na sasa hana usingizi, yanamfaa mwenye mwenza mwenye dalili, na yanamfaa anayetaka kuacha kondomu na mpenzi wake mpya bila kubahatisha.

Hatua ya 1: Tazama saa kabla hujatazama dalili

Watu wengi hungoja waone kitu. Wanajikagua kila wakioga, siku ya kwanza, ya pili, ya tano, wakiona pako safi wanashusha pumzi. Huko ndiko wanakopoteza kitu pekee kisichoweza kurudishwa, yaani muda.

Kama hujui hali ya VVU ya uliyelala naye, au unajua anavyo na hatumii dawa, na hamkutumia kondomu au ilipasuka, zipo dawa za kukinga maambukizi baada ya tukio. Wahudumu wanaziita PEP. Zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake; aliyeanza ndani ya saa chache yuko mahali pazuri kuliko aliyeanza siku ya tatu jioni. Ukianza unameza kila siku kwa siku 28 bila kuruka. Kabla ya kupewa utapimwa kwanza, kwa sababu aliye na VVU tayari hahitaji kinga, anahitaji tiba.

Piga hesabu kwa kalenda. Tukio likiwa Jumatano saa nne usiku, mwisho wako ni Jumamosi saa nne usiku. Usingoje zahanati ya mtaani ifunguliwe Jumatatu. Nenda hospitali yenye huduma ya dharura usiku na mchana. Amana, Mwananyamala na Temeke zote ni hospitali za rufaa za mkoa. Ukifika mapokezi huna haja ya kusimulia mbele ya foleni. Sema, "Naomba kuonana na daktari, ni suala la dharura la saa 72." Anayehusika atakuelewa.

Aliyebakwa naye saa yake ni hiyo hiyo. Fomu ya polisi, PF3, ina umuhimu wake kwa kesi, lakini kama hospitali iko karibu kuliko kituo, anzia hospitali na uwaeleze. Usioge wala kufua nguo za siku hiyo kabla ya kuonwa.

Nina neno kuhusu P2, maana ndiyo inayonunuliwa sana Jumapili asubuhi. P2 inazuia mimba. Haizuii VVU, haizuii kisonono, haizuii kaswende. Dada anayetoka dukani na P2 mkononi akiamini amemaliza mambo, amemaliza jambo moja tu.

Hatua ya 2: Jiulize lilifanyika nini hasa

Swali la "ni mtu wa aina gani" halisaidii. Anaswali, ana kazi nzuri, kanenepa, anatoka familia ya heshima: vijidudu havisomi wasifu. Maswali yenye kazi ni matatu. Mlifanya nini? Kulikuwa na kondomu mwanzo hadi mwisho? Kulikuwa na kidonda, mchubuko au hedhi?

Hapa namba zinasaidia kutuliza wengine na kuwaamsha wengine. Tuanze na VVU, ambavyo ndivyo vinavyotisha. Makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu wa Marekani yanasema mwanamke akilala mara moja bila kondomu, kwa njia ya kawaida, na mwanamume mwenye VVU asiyetumia dawa, hatari ni kama 8 kati ya 10,000. Mwanamume akilala na mwanamke mwenye VVU, kama 4 kati ya 10,000. Kwa njia ya nyuma, kwa anayeingiliwa, inaruka hadi kama 138 kati ya 10,000. Nalitaja hili kwa sababu wapo wasichana wanaoambiwa kwamba huko "hakuna mimba wala ugonjwa", na kwa upande wa ugonjwa ukweli ni kinyume kabisa.

Usizichukue namba hizo kama leseni. Ni wastani, na wastani unaficha mengi. Tafiti za nchi zenye kipato kidogo zimewahi kupata viwango vikubwa zaidi. Kidonda sehemu za siri, cha kwako au cha mwenzako, kinafungua mlango. Aliyeambukizwa wiki chache zilizopita ana virusi vingi mno mwilini, wakati kipimo chake kinaweza bado kusema hana. Halafu mara moja si mara 100. Anayelala na mtu huyo huyo kila wiki kwa mwaka mzima anarusha karata hiyo hiyo tena na tena.

Sasa kisonono. Mwanamume akilala mara moja tu na mwanamke mwenye kisonono, uwezekano wa kuondoka nacho ni kama 1 kati ya 5. Mwanamke akilala mara moja na mwanamume mwenye nacho, ni nusu au zaidi. Linganisha na zile 8 kati ya 10,000. Watu wanaogopa kukanyaga miwaya, wanakwenda kupima VVU, wanakuta hawana, wanafanya sherehe, huku klamidia imekaa kimya kwenye kizazi.

Vipo pia vinavyoongeza hatari na havisemwi, navyo navisikia zaidi kwa wateja wa kike. Kujisafisha ndani kwa limao, maji ya chumvi au sabuni. Vidonge vya kubana na kukausha vinavyouzwa kwenye simu kwa picha za maua. Uke una kinga yake ya asili, bakteria wazuri wanaoufanya uwe na uchachu kidogo. Ukiwaosha, umemfukuza mlinzi. Na ukavu unachubua, mchubuko ni njia.

Kwa mdomo? VVU kwa njia hiyo ni hatari ndogo sana. Kisonono cha koo, kaswende na malengelenge, hivyo vinapita vizuri tu.

Hatua ya 3: Hesabu siku za kila ugonjwa

Kila ugonjwa una kalenda yake. Ukipima mapema mno, jibu la "huna" halina maana.

Kisonono ndicho chenye haraka. Kwa mwanamume, usaha na kuungua huja siku ya pili hadi ya saba, mara nyingine hadi wiki mbili. Ndiyo maana Jumatatu yangu inahusu wikiendi ya juzi, na Ijumaa yangu inahusu wikiendi hiyo hiyo. Kwa mwanamke mara nyingi hakuna kitu, au kuna uchafu kidogo anaoudhania fangasi.

Klamidia huchukua wiki moja hadi tatu, kama itaonyesha dalili. Wanawake wengi walio nayo, na wanaume karibu nusu, hawaoni chochote. Huyu ndiye mwizi anayeingia nyumbani na kuishi humo. Anapanda taratibu kwenye mirija ya uzazi, na miaka kadhaa baadaye mtu anahangaika hospitali moja hadi nyingine akitafuta mtoto, au mimba inatunga nje ya kizazi.

Trikomonasi ni kati ya siku 5 na 28. Mwanamke hupata majimaji yenye povu na harufu, na kuwashwa. Mwanamume mara nyingi hajui kama anayo, na ndiye anayemrudishia mkewe kila akitibiwa.

Kaswende inahitaji maelezo marefu kidogo kwa sababu inadanganya. Siku 10 hadi 90 baada ya tukio, kwa kawaida kama wiki ya tatu, hutokea kidonda kimoja kisichouma. Hakiumi, kwa hiyo hakimsumbui mtu. Kikiwa ndani ya uke au nyuma hata hakionekani. Baada ya wiki tatu hadi sita kinapona chenyewe. Mwenye nacho anamshukuru Mungu, au anaishukuru mizizi aliyouziwa, kumbe ugonjwa umehamia kwenye damu. Baadaye unaweza kuja na upele hata kwenye viganja na nyayo, unapotea tena, na miaka mingi mbele unadai moyo au ubongo. Mjamzito mwenye kaswende isiyotibiwa anaweza kumpoteza mtoto. Kwa kipimo cha damu, pima wiki ya sita, urudie mwezi wa tatu.

Malengelenge ya sehemu za siri huja siku 2 hadi 12, vipele vyenye maji vinavyopasuka na kuuma kama moto. Virusi vyake havitoki mwilini, ila dawa zipo za kufupisha mateso. Pangusa nacho ni kidonda kinachouma, na mitoki kwenye kinena. Zamani kilikuwa kingi, siku hizi kimepungua sana.

Virusi vya papiloma, vinavyoleta masundosundo, na aina nyingine zake zinazoleta saratani ya shingo ya kizazi, vina kalenda ya miezi na miaka. Homa ya ini B huchukua mwezi hadi miezi sita.

VVU: kipimo cha kidole cha kawaida, kile cha dakika 20, kinaweza kuchukua hadi miezi mitatu kuona maambukizi mapya. Kwa hiyo unapima leo ili kujua ulikuwa na nini kabla, na unapima tena siku ya 90. Hilo la pili ndilo jibu la tukio la juzi.

Hatua ya 4: Nenda ukapime, na ujue cha kuomba

Kupima VVU katika vituo vya serikali ni bure. Kama macho ya watu yanakusumbua, kipo kipimo cha kujipima mwenyewe: unapitisha kijiti kwenye fizi, unasubiri muda ulioandikwa kwenye boksi, unasoma mistari. Sheria ilirekebishwa mwaka 2019 kuruhusu kujipima, na umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi ukashushwa hadi miaka 15. Kipimo hicho kikionyesha una VVU, bado siyo jibu la mwisho. Kituoni watathibitisha kwa vipimo vingine.

Kosa ninaloliona kila wiki: mtu anakwenda "kupima", anatoka na karatasi ya VVU, anaamini amepima kila kitu. Hujapima kila kitu. Sema wazi, "Naomba kupimwa magonjwa ya zinaa yote mnayoweza kupima hapa, na kaswende pia." Muulize na homa ya ini B.

Usishangae nesi akikuuliza maswali badala ya kukutoa damu. Zahanati nyingi hutibu kwa kundi la dalili. Mwanamume mwenye usaha hutibiwa kisonono na klamidia kwa pamoja, bila kungoja maabara. Ni njia nzuri kwa mwenye dalili. Udhaifu wake ni kwa asiye na dalili, hasa mwanamke mwenye klamidia ya kimya, kwa sababu mashine ya kuisaka haipo kila kituo. Kama mwenzako kakutwa nayo, usikubali kurudishwa kwa sababu "huna dalili". Sema, "Mwenzangu amekutwa na ugonjwa, ametibiwa hivi." Maneno hayo ndiyo yanayokupa haki ya dawa.

Jambo dogo kuhusu kaswende linalovunja nyumba bure: kipimo cha haraka kikishaonyesha unayo, kinaweza kuendelea kuonyesha maisha yote hata ukiwa umepona. Aliyetibiwa mwaka 2015, leo akipimwa kliniki atasomeka bado anayo. Atunze kadi ya matibabu, na aombe kipimo cha RPR, ambacho kiwango chake hushuka baada ya tiba.

Hatua ya 5: Usinunue tu dawa kwangu

Nitalisema la kwangu. Miaka ya nyuma, nikiwa duka jingine, alikuja kijana fundi wa friji na hadithi ile ile ya choo. Nilimuuzia sipro, kimoja asubuhi kimoja jioni kwa siku tano, na sikumuuliza hata swali moja. Palikuwa na foleni, na alikuwa na haraka. Alirudi baada ya wiki tatu akitembea kama mtu mwenye jiwe kwenye suruali. Korodani moja imevimba. Ndipo nikajua ana mke, na mke ana ujauzito wa miezi minane. Mtoto alizaliwa, siku ya tatu macho yamefumba yakitoka usaha. Bahati hospitali waliwahi, macho yakapona. Yule baba hakunilaumu, akaendelea kuniita dokta, na hilo ndilo lililoniuma.

Kwa nini sipro haikufanya kazi? Kwa sababu kisonono kimejifunza. Kiliishinda penisilini, kikashinda tetrasaiklini, kikaishinda sipro sehemu nyingi za dunia. Leo tegemeo kubwa ni sindano ya seftriaksoni, nayo itakwenda njia hiyo hiyo tukiendelea kuuziana kama karanga. Kaswende nayo bado inaogopa penisilini ya sindano kubwa ile, ya uniti milioni 2.4, ambayo inachomwa kituoni, siyo uchochoroni.

"UTI sugu" ni jina ambalo ningelifuta kama ningeweza. Likitajwa dukani kwangu siku hizi nauliza swali moja: mwenzako ametibiwa? Tisa kati ya kumi wananyamaza. Namba hiyo ni ya kaunta yangu, usiichukue kuwa utafiti.

Utafiti wa kweli tunao wa hapa nyumbani. Mapema miaka ya 1990, mkoani Mwanza, vituo vya afya vya vijijini viliboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa: dawa zikawepo, wahudumu wakafundishwa. Matokeo yakachapishwa mwaka 1995. Maambukizi mapya ya VVU katika jamii hizo yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko kule kusikoboreshwa. Kutibu kidonda na usaha vizuri, kumbe, ni kuziba tundu la VVU.

Ukipewa dawa, maliza zote. Na usilale na mtu mpaka zipite siku saba tangu wewe na mwenzako mmetibiwa wote wawili.

Hatua ya 6: Mwambie mwenzako

Hapa ndipo wengi wanakwama, na ndipo tiba inapofia. Mume anatibiwa kimya kimya, anarudi nyumbani, mke ambaye hajui kitu anamrudishia. Mume anarudi kwangu: "Dokta, dawa zenu feki."

Kabla ya kufungua mdomo, elewa kwamba kipimo hakisemi nani alianza. Klamidia inaweza kukaa kimya miezi mingi, papiloma miaka. Inawezekana kabisa imetoka kwa mtu wa kabla yenu. Kisonono cha mwanamume mwenye usaha mbichi kwa kawaida ni cha siku za karibuni, hilo siwezi kukuficha. Ila mazungumzo yakianza na "nani", hayafiki kwenye "dawa".

Kwa mpenzi wa mbali au mtu mliyeachana, ujumbe mfupi unatosha. Mfano: "Habari yako. Juzi nilipima nikakutwa na klamidia, nimeanza dawa. Sikulaumu. Naomba nawe ukatibiwe wiki hii hata kama hujisikii kitu. Dawa niliyopewa ni hii, mwonyeshe nesi." Tuma, na picha ya dawa. Usisubiri ajibu vizuri.

Kwa mwanandoa, uso kwa uso, na siyo usiku wa manane kitandani. Mwanamke mmoja wa Mtoni alinisimulia alivyofanya. Alimngoja mumewe amalize kula, akasema, "Baba Zuhura, nilikwenda kituo cha afya kwa yale maumivu ya tumbo. Nesi kasema dawa hii haiponyi mtu mmoja, lazima tunywe wote. Kanipa na kikaratasi chako." Akaweka kikaratasi mezani, karibu na sahani, akaondoka kwenda kuosha vyombo. Hakutaja mchepuko, hakutaja simu ya usiku. Mume alikaa nacho kikaratasi mpaka taarifa ya habari ikaisha. Kesho yake alikwenda.

Kikaratasi hicho kiombe. Vituo vinavyotibu magonjwa ya zinaa huwa na utaratibu wa kumwita mwenza, na mwenza akifika nacho anatibiwa bila maswali mengi.

Mjamzito ana njia nyepesi zaidi. Kliniki wanataka aje na mwenza, na kliniki nyingi waliokuja wawili hutangulizwa kwenye foleni. "Kliniki wamekuita" ni sentensi ambayo mume haipingi kirahisi.

Lakini kama mwenzako ni wa mkono mwepesi, usiseme peke yako nyumbani. Mweleze nesi au mnasihi hivyo hivyo: "Naogopa atanipiga." Watakupa njia nyingine. Usalama wako unatangulia kikaratasi.

Hatua ya 7: Kabla hamjaacha kondomu

Wasiwasi mwingi hauletwi na mtu wa usiku mmoja. Kwa huyo watu hujitahidi kukumbuka kondomu. Unaletwa na mpenzi wa mwezi wa pili, pale mmoja anaposema, "Sisi tunaaminiana, za nini tena?" Kuaminiana kunahusu kesho. Klamidia inahusu jana.

Utaratibu ni huu. Mnakwenda pamoja, mnapima pamoja, mnasoma majibu pamoja. Majibu yake si yako; nimeona wanaopima mmoja tu wakaamini wamepima wawili. Mnaendelea na kondomu miezi mitatu. Mnapima tena. Baada ya hapo mnaamua. Baadhi ya makanisa na misikiti huomba majibu ya VVU kabla ya kufungisha ndoa, jambo zuri, lakini karatasi hiyo mara nyingi ni ya VVU peke yake, na ni ya mara moja.

Je, mmoja akikutwa na VVU? Takwimu za utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 zinaonyesha asilimia 4.4 ya Watanzania wenye miaka 15 na zaidi wanaishi navyo: wanawake asilimia 5.6, wanaume 3.0. Si jambo la ajabu katika mji huu. Na hapa lipo jambo ambalo wengi hawalijui au hawaliamini: mtu anayemeza dawa kila siku, virusi vyake vikafubaa kiasi cha kutoonekana kwenye kipimo cha wingi wa virusi, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Tafiti zilifuata wenza wenye majibu tofauti, waliolala bila kondomu mara maelfu kwa maelfu, na hazikupata hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake mwenye virusi vilivyofubaa. Neno la kuuliza ni "Kipimo chako cha mwisho cha wingi wa virusi kilisemaje, na lini?" Mpaka kijulikane, aliye salama anaweza kutumia kondomu, au dawa za kujikinga kabla, zinazoitwa PrEP. Zote mbili pamoja ni bora zaidi, maana PrEP haizuii kisonono.

Kwa hiyo, mwenye VVU anayejua hali yake, anameza dawa na virusi vyake vimefubaa, ni salama kuliko mzima wa sura ambaye hajawahi kupima. Nikisema hivyo dukani watu hunitazama kama nimetukana.

Hatua ya 8: Kondomu na chanjo, kwa ufupi

Joto la Dar linaua kondomu. Isikae kwenye pochi ya makalio, wala kwenye gari linaloshinda juani Kariakoo, wala chini ya siti ya bodaboda. Soma tarehe. Bonyeza pakiti, ikiwa na hewa ndani ni nzima. Usifungue kwa meno. Usipake mafuta ya nazi wala ya mgando, yanaozesha mpira ndani ya dakika chache. Tumia kilainishi cha maji. Usivae mbili. Na ujue mpaka wake: inafunika inapofunika, kidonda cha kaswende au malengelenge kikiwa nje ya mpira kinagusa ngozi.

Tohara ya mwanaume inapunguza hatari yake ya kupata VVU kutoka kwa mwanamke kwa takriban asilimia 60. Haimkingi mwanamke moja kwa moja, na haifuti kondomu.

Chanjo ya homa ya ini B kwa mtu mzima ni dozi tatu ndani ya miezi sita; pima kwanza. Chanjo ya papiloma ilianza kutolewa nchini mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kama una binti shuleni, saini ile fomu. Na mama zake wakachunguzwe shingo ya kizazi. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wetu, na uchunguzi wa siki, wa kupaka siki kwenye shingo ya kizazi na kuitazama, ni wa dakika chache.

Yule wa Jumatatu iliyopita, wa choo, sikumuuzia kitu. Nilimwelekeza kituo cha afya na nikamwandikia maneno ya kusema. Jumatano alipita tena, safari hii na dada aliyebaki nje akijifanya anachagua machungwa kwenye mkokoteni. Wamechomwa sindano wote wawili, VVU hawana, wameambiwa warudi. Akaniuliza miezi mitatu kuanzia leo ni lini. Nilichukua bahasha ya kaki ya kuwekea vidonge, nikahesabu siku 90 kwenye kalenda ya ukutani, nikaandika tarehe kwa kalamu nyekundu. Akasema niandike mbili. Ya pili akampelekea yule dada wa machungwa.